Kupungua Uzito Baada ya Arobaini Bila Kuihama Meza ya Pwani

Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, watu wa makamo wameambiwa kauli moja mpaka wakaiamini: ukishavuka arobaini, mwili huacha kuchoma chakula, kitambi ni cha umri, na hakuna la kufanya. Kauli hiyo si kweli. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, tangu watoto wachanga wa siku nane hadi wazee wa miaka 95, uliopima nguvu ambayo mwili hutumia kwa siku. Ukishazingatia ukubwa wa mwili wa kila mmoja, matumizi hayo hubaki palepale kati ya miaka 20 na 60. Huanza kushuka baada ya hapo, tena polepole.

Kinachobadilika ni maisha. Aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu sasa hupanda tuktuk hadi mlangoni. Aliyekuwa akienda baharini sasa ana duka, naye huketi nyuma ya kaunta tangu asubuhi hadi Isha. Misuli isiyotumika hupungua, takriban asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi baada ya thelathini. Kwa wanawake, hedhi inapokoma, wengi wakiwa karibu na miaka 50, mafuta huacha kukaa mapajani na kuhamia tumboni. Na wakati huohuo mfuko umejaa kidogo: nyama haisubiri tena sikukuu, soda iko ndani ya friji, na harusi haimpiti mtu.

Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Hizi si habari ndogo katika jamii ambamo mke aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri na aliyekonda huulizwa kama mume anamtunza.

Habari njema ni kwamba kinachohitajika si kikubwa. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa mlangoni pa ugonjwa wa sukari, wastani wa umri wao ukiwa miaka 51. Waliobadilisha ulaji na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungua wastani wa kilo 5.6 tu, na hatari yao ya kupata sukari ikashuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin walipata nafuu ya asilimia 31. Kilo tano au sita, basi. Hakuna aliyehitaji kurudia umbo la siku ya harusi yake.

Anza jikoni, ndipo uende ufuoni

Wengi huanza kinyume. Hununua raba, hukimbia ufuoni wiki mbili, hupima uzito, hukuta mizani haijasogea, kisha huacha vyote. Sababu yake ilipatikana jirani, Tanzania. Mwaka 2012 watafiti waliwapima Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na ambao hutembea kilomita nyingi kila siku. Ilitarajiwa kwamba miili yao inachoma kalori nyingi kuliko ya wafanyakazi wa ofisini Marekani na Ulaya. Ukilinganisha watu wa ukubwa mmoja, matumizi yao yalikaribiana. Mwili wenye shughuli nyingi hubana matumizi mahali pengine.

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hilohilo. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, kwa mtu wa kilo 75 au 80, huchoma takriban kalori 130. Soda moja ya mililita 300 hurudisha karibu zote.

Kutembea kuna kazi yake kubwa, na mwongozo huu utafika huko: hulinda moyo, hushusha presha na sukari, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Ila kilo zenyewe hutoka sufuriani.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kubadilisha chochote

1. Chukua uzi wenye urefu sawa na wako, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Ukunje katikati, kisha uzungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Kwa futi ya fundi nguo, hatari huanza sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.
2. Pima uzito. Gawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mtu wa kilo 82 na mita 1.60 hupata 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene. Tumia mizani ileile kila mara, hata kama ni ya duka la dawa.
3. Pima presha ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Ikifika 140 kwa 90 mara zaidi ya moja, siku tofauti, mwone mhudumu wa afya.
4. Pima sukari asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7.0, rudia kipimo hospitalini.

Gharama isiwe kisingizio. Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na ndani yake mna mashine ya presha, ya sukari na mizani. Uliza kwa mzee wa mtaa ni nani anayehudumia nyumba zenu. Kwa wanaohitaji vipimo zaidi, kuna zahanati za karibu, Hospitali ya Malindi na Hospitali ya Kaunti ya Kilifi.

> SIMAMA KWANZA
> Usianze mpango wowote kabla ya kuongea na daktari ikiwa:
> • unatumia insulini au vidonge vya sukari. Ukipunguza chakula huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa;
> • unatumia dawa za presha. Ukipungua, dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa, na mwenye kuipunguza ni daktari, si wewe;
> • umepungua bila kukusudia. Hilo si la kushukuru. Linaweza kuwa kifua kikuu, sukari, tezi ya shingo au saratani;
> • una mimba, unanyonyesha, au kifua hukubana unapotembea.

Hatua ya 2: Andika wiki nzima

Nunua daftari dogo. Kwa siku saba andika kila kinachoingia mdomoni, na saa yake, bila kubadilisha lolote. Andika pia vijiko vya sukari, na ile bajia uliyoonja ukisubiri chenji. Karibu kila anayefanya hivi hugundua kwamba shida haiko kwenye mlo wa mchana alioushuku. Iko kwenye vikombe vya chai na kwenye saa zilizo kati ya Magharibi na kulala.

Hatua ya 3: Sukari, mafuta, nazi

Gusa vitatu hivi kwa mpangilio huu, kimoja kila wiki mbili. Anayebadilisha vyote siku moja huwa amechoka kufikia Ijumaa.

*Sukari.* Vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni takriban gramu 36. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 13 za sukari, kwa mtu mmoja, kwa chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ibaki 25, kiasi cha vijiko sita. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kila wiki. Ulimi huzoea kabla hujafika mwisho. Ongeza iliki na tangawizi, zinaipa chai ladha ya kutosha. Kahawa chungu ya mabaraza haina neno, mradi halwa iliyo kando yake iwe kipande kimoja.

Soda na maji ya matunda ya kukorogwa na sukari viache kabisa kwa miezi mitatu. Embe ulile zima, usilinywe. Dafu ni bora kuliko soda, ila dafu ni moja, na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi.

*Mafuta ya kupikia.* Kijiko kimoja cha mezani hubeba takriban kalori 120. Hapa kipimo kizuri ni mtungi wenyewe: andika tarehe unaponunua na tarehe unapoisha. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita tatu kwa wiki mbili inampa kila mmoja karibu vijiko vitatu vya mezani kwa siku, yaani kalori zaidi ya 350 zisizoshibisha. Lenga mtungi uleule uende wiki tatu, kisha nne. Kaanga kitunguu kwa kijiko ulichopima, usimimine kutoka kwenye chupa. Samaki achomwe, achemshwe au apikwe mchuzi wa ukwaju. Changu na tafi hawahitaji kuzama kwenye karai.

*Nazi.* Hapa ndipo washauri wengi kutoka bara huwapoteza watu wa Pwani, kwa kuwaambia waache. Mtu hawezi kuambiwa aache nazi Kilifi, na hakuna haja. Nazi moja iliyokomaa ina takriban gramu 100 za mafuta, na mengi yake hutoka na tui la kwanza. Anayekuna kwa mbuzi na kukamua kwa mkono analijua hilo kwa macho: la kwanza zito, la pili jepesi, la tatu karibu maji. Basi fanya hivi:

1. Kamua tui la kwanza na uliweke pembeni.
2. Pika wali kwa la pili na la tatu. Harufu inabaki, chumvi kidogo, mdalasini ukipenda.
3. Mbaazi na mboga za majani vipikwe vivyo hivyo, kisha watilie watoto tui zito kwenye sahani zao.
4. Kinachobaki kiende kwenye friji kwa mchuzi wa kupaka wa siku nyingine, kwa kiasi kidogo.

Kuwatilia watoto tui zito kuna sababu nzito. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine zote nchini. Katika nyumba moja mama anaweza kuwa na kilo za ziada na mtoto akawa hapati za kutosha. Mpango wa mkubwa usipunguze sahani ya mdogo.

Sahani, na tatizo la sinia

Ukipakua, gawa sahani hivi: nusu mboga na kachumbari, robo samaki, kuku au mbaazi, robo wanga. Mchicha, kisamvu, majani ya kunde, mnavu, mchunga, vyote viko sokoni kwa bei ya chini kuliko nyama. Wanga uwe wa aina moja. Wali pamoja na viazi pamoja na chapati ni milo mitatu iliyokaa sahani moja.

Protini isikosekane katika mlo wowote. Anayepungua bila kula ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na kwa mtu wa miaka hamsini misuli hiyo ni kazi kuirudisha. Kipande cha samaki kinachotosha kiganja, mayai mawili, au bakuli la mbaazi. Ng'onda na papa mkavu walowekwe na maji yamwagwe mara mbili, maana chumvi yao ni nyingi. Kiasi cha chumvi kinachoshauriwa kwa siku nzima hakizidi kijiko kimoja cha chai.

Mahamri kwa mbaazi yabaki. Yawe mawili, siku mbili kwa wiki, na bakuli la mbaazi liwe kubwa. Siku nyingine kuna mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, mayai, au mkate wa mofa.

Sinia ni jambo jingine. Watu wanne wakila pamoja, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mkono huendelea kwa sababu wa jirani unaendelea. Kula upande wako tu, anza na kachumbari na samaki, na wali usiongezwe upande wako ukishakwisha.

Neno kwa wanaume, ambao wengi hawashiki mwiko nyumbani: mazungumzo na anayepika yafanyike mapema, si mezani mbele ya chakula kilichokwisha pikwa. Mwambie mkeo daktari amesema nini, mwonyeshe namba za presha, umwombe ushauri wake. Anayeishi na mama yake au mama mkwe aombe kwa adabu apakue mwenyewe: "Mama, leo niruhusu nijipakulie kidogo, daktari amenishika." Mama wa Pwani hukataa diet, lakini daktari humsikiliza.

Jioni, harusi na Ramadhani

Baada ya Magharibi makarai hutoka barabarani: viazi karai, bajia, mihogo ya kukaanga, mishikaki. Mtu hula akiwa njiani, kisha hufika nyumbani akala chakula cha usiku kamili. Chagua kimoja. Mishikaki miwili na kachumbari vinaweza kuwa chakula cha usiku, ukiwaarifu nyumbani. Vinginevyo pita, ule nyumbani mapema, na jiko lifungwe saa tatu kabla ya kulala.

Harusini, kula kitu kidogo nyumbani kabla ya kwenda. Pilau au biriani, si vyote. Ukiongezwa, weka mkono juu ya sahani na useme, "Alhamdulillahi, nimeshiba mwanangu." Hakuna atakayekulazimisha mara ya tatu.

Ramadhani humnenepesha anayefidia mchana mzima kwa saa moja. Fungua kwa tende tatu na maji, swali Magharibi, kisha rudi kwenye sahani moja yenye mpangilio ule wa nusu na robo. Kaimati na sambusa ziwe za siku teule. Daku iwe na protini ili njaa isifike kabla ya Adhuhuri. Mwenye sukari amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dozi au ashauriwe kutofunga.

Hatua ya 4: Miguu na misuli

Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa wiki, kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Dakika 10 mara tatu kwa siku ni sawa na 30 mara moja. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, jua ni kali. Toka baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri. Ufuoni, Silversands ya Malindi au Bofa ya Kilifi, tembea maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu, ili magoti yasiumie sana. Wavuvi watakwambia saa. Ukitembea barabarani, kama kuvuka daraja la Kilifi hadi Mnarani, tazamana na magari, uwe macho na bodaboda.

Mwenye magoti mabovu aingie majini hadi kifuani na kutembea humo, pasipo na mkondo, akiwa na mwenzake.

Mara mbili kwa wiki, fanya haya nyumbani, hata kwenye dera:

1. Keti na kuinuka kitini bila kushika popote, mara 10, raundi tatu.
2. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, mwili ukiwa umenyooka, mara 10, raundi tatu.
3. Beba mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, na kuzunguka ua dakika mbili.

Makosa yanayorudiwa

*Chai na vidonge vya kukondesha* vinavyouzwa mtaani. Nyingi huharisha tu. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na mizani hurudi baada ya siku tatu. *Ndimu, siki na tangawizi* hazichomi mafuta, ingawa ladha yake haina ubaya. *Sindano za kupunguza uzito* ni dawa kweli, za daktari, kwa wanaostahili. Usinunue kwa mtu wa simu.

*Kushinda na njaa hadi jioni* huishia kwenye karai. *Muguka* huua njaa, lakini hutafunwa pamoja na soda na huharibu usingizi, na anayelala chini ya saa saba huamka na njaa zaidi. *Kujipima kila siku* huvunja moyo bure, maana maji ya mwili hupanda na kushuka. Jumatatu asubuhi inatosha.

Orodha ya wiki mbili za kwanza

☐ Uzi umepimwa, uzito na presha vimeandikwa
☐ Daftari lina siku saba
☐ Tarehe imeandikwa kwenye mtungi wa mafuta
☐ Sukari ya chai imepungua nusu kijiko
☐ Mazungumzo na anayepika yamefanyika
☐ Matembezi matatu ya dakika 10, hata kama ni kwenda msikitini, kanisani au sokoni

Tarajia nusu kilo kwa wiki, wakati mwingine robo. Kwa mtu wa kilo 82, lengo la kwanza ni kilo nne, katika miezi mitatu hadi sita. Mizani ikigoma wiki tatu mfululizo, rudia daftari kwa siku saba kabla ya kubadilisha lolote. Mara nyingi kuna kikombe au kitafunio kilichorudi kimyakimya. Pima na uzi pia, kwa kuwa kiuno hupungua hata wiki ambazo kilo hazisogei.

Mwezi wa tatu nenda kliniki na daftari mkononi. Omba presha na sukari zipimwe upya, zilinganishwe na za mwanzo, na kama unatumia dawa, uliza waziwazi kama dozi bado inakufaa.